Chaneli tano zilizonyamaza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na penseli mkononi. Unasema redio ya CB uliyoisubiri kwa hamu, ile ya wananchi ya kuzungumziana inayotuma na kupokea, imefika, vali zake (zile taa za kioo zinazokuza mawimbi) zimewaka vizuri, kisha ikakuvunja moyo: inavuma hata ukipunguza sauti mpaka mwisho, na kwenye chaneli ya 3, 7, 11, 15 na 19 haipokei chochote, hata ule mchakaricho wa kawaida unazama. Mwishoni unauliza kama uivunje uchukue vali zake. Nakuomba usiivunje. Kwa kunitajia zile chaneli tano umeshanipa nusu ya jibu.

Redio yako ni ya kizazi cha chaneli 23. Marekani iliwafungulia wananchi wake bendi ya megahezi 27 mwaka 1958, na chaneli zikabaki 23 mpaka Januari 1977 zilipofikishwa 40. Sasa fikiria mtengenezaji wa wakati ule. Kila chaneli hupata masafa yake kutoka kwa kristali, kipande kidogo kinachotetemeka kwa masafa yasiyobadilika. Kama angeipa kila chaneli kristali moja ya kupokea na moja ya kutuma, angehitaji kristali 46 katika kila redio, na kristali hazikuwa rahisi. Kwa hiyo wahandisi wakachanganya mawimbi. Waliweka seti ya kristali sita na seti nyingine ya kristali nne. Ukichukua moja kutoka kila seti ukazichanganya, unapata chaneli. Sita mara nne ni 24, zinatosha. Ile seti yenye kristali nne iliwekwa mara mbili, nne za kupokea na nne za kutuma, jumla kristali 14. Naipenda sana akili iliyomo humo.

Chukua karatasi uandike chaneli zako nne nne kwa mstari: 1 hadi 4, chini yake 5 hadi 8, chini yake 9 hadi 12, uendelee hivyo. Kila mstari una kristali yake kutoka ile seti yenye kristali sita, na kila safu inayoshuka ina kristali yake kutoka ile yenye nne. Kama zingelala 5, 6, 7 na 8, ningesema kristali ya mstari imekufa. Zako zimelala 3, 7, 11, 15 na 19. Zisome kwenye karatasi kutoka juu kwenda chini: ni safu ya tatu, imenyooka.

Najua utaniuliza mbona 23 inasikika wakati nayo imeangukia safu hiyo. Hata mimi nilisita hapo. Jibu liko kwenye masafa yake. Chaneli ya 21 ni megahezi 27.215, ya 22 ni 27.225, lakini ya 23 haikufuata hatua ileile, iliruka hadi 27.255. Mruko huo ni wa kilohezi 40 kutoka ya 21, sawasawa na ule wa chaneli ya 20 kutoka ya 17. Basi 23 inatumia kristali ya safu ya nne, pamoja na 4, 8, 12, 16 na 20. Nilipoliona hilo niliweka penseli chini nikacheka kwa furaha, maana redio iliyooza ovyo hainyamazi kwa mpangilio namna hii.

Tena umeandika kwamba ukibonyeza maikrofoni kwenye 19, sindano ya mita inapanda kama kwenye chaneli nyingine. Natumaini antena ilikuwa imefungwa! Usiibonyeze tena bila antena au mzigo bandia wa omu 50, yaani rezista (kizuia mkondo) inayopokea nguvu badala ya antena; hatua ya mwisho ya kutuma inaweza kuharibika ikikosa pa kupeleka nguvu zake. Lakini kipimo chako kimetusaidia. Kama inatuma, kristali zote sita ni nzima na za kutuma ni nzima. Washukiwa wamebaki watatu tu: kristali ya tatu ya kupokea, lehemu yake, au mguso wa swichi ya chaneli unaoifikia.

Anza na swichi, kwa sababu ndiyo isiyohitaji kubomoa kitu. Ipulizie dawa ya kusafishia miguso, kidogo tu, kisha uizungushe mbele na nyuma mara nyingi. Isipobadilika, yeyusha upya lehemu ya miguu ya kristali bila kuikawiza kwenye joto. Ikiwa bado kimya, badilishana: kristali ya tatu ya kupokea iweke mahali pa ya nne, na ya nne mahali pa ya tatu. Ukimya ukihamia kwenye 4, 8, 12, 16, 20 na 23, kristali imekufa na ushahidi unao. Usipohama, rudi kwenye swichi na nyaya zake.

Hayo yote, hata hivyo, yasubiri. Kwanza umeme.

Redio ya vali ina volti 250 na zaidi ndani yake, na kapasita kubwa, vile vihifadhi umeme, zinaweza kushika chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri, kisha zimwage kupitia rezista ya omu 10,000 iliyofungwa kwenye nyaya zenye gamba zuri, halafu hakikisha kwa mita kwamba volti zimeisha. Kila mara unapofungua. Ukipima ikiwa imewashwa, mkono mmoja ukae mbali na chasisi, ile fremu ya chuma ya redio. Soma pia kibandiko cha nyuma: redio nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa volti 117 tu, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 utaiua. Kama waya wake wa umeme ni wa nyaya mbili, uondoe uweke wa nyaya tatu, ule wa ethi (wa ardhini) ufungwe kwenye chasisi. Humo ndani huenda ukakuta kapasita ndogo kati ya waya wa umeme na chasisi. Itoe, kwa sababu ikivuja mwili mzima wa redio unakuwa na umeme.

Mvumo wenyewe haunipi shaka. Ungepungua pamoja na sauti ningesema unaingilia mwanzoni, lakini wako hausikilizi kidhibiti cha sauti, kwa hiyo unatoka kwenye kapasita za kuchuja umeme. Dawa ya ndani imekauka kwa miaka. Zibadilishe zote kwa pamoja, volti zisiwe chini ya zilizoandikwa, na uangalie sana upande wa chanya na hasi. Kisha washa redio kupitia balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano kwenye waya wa umeme. Balbu ikiwaka sana ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima, kuna mahali umeme umepata njia ya mkato.

Wakati kapasita ziko mkononi, badilisha na ile inayopeleka sauti kwenye vali ya mwisho ya sauti. Kabla hujaibadilisha pima gridi ya vali hiyo, yaani waya wa ndani unaoongoza mkondo wake. Ukikuta volti chanya hata chache, kapasita inavuja, na vali inachemka mpaka bamba lake la chuma la ndani linageuka jekundu. Vali zile ni ngumu kupata siku hizi, usiziachie ziteseke.

Kuna jambo moja nakusihi kama ndugu: usiguse viini vya koili, zile skrubu ndogo ndani ya mizunguko ya waya zinazopanga masafa. Mimi redio yangu ya kwanza niliianzia hapo, kwa sababu vilionekana kama vidhibiti vinavyongoja kuzungushwa. Kimoja kilipasuka ndani ya koili, vingine vikapoteza mahali pake, na kosa la awali likawa palepale: spika ya ndani ilikuwa imekatwa na tundu chafu la spika ya nje. Nililipata baadaye sana, na lilihitaji kipande cha karatasi na matone mawili ya dawa. Koili zilinichukua majuma. Koili hazijisogezi zenyewe. Kapasita, miguso na lehemu ndizo zinazozeeka.

Wala usishawishike kuiongezea nguvu. Kanuni ya zamani ilikuwa wati 5 zinazoingia hatua ya mwisho, na ukipata wati 3 au zaidi kwenye mzigo bandia, ina afya. Nguvu itafute juu ya paa, kwenye antena: SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio) ikiwa 3, robo ya nguvu inarudishwa na antena.

Kwa hiyo kwanza waya na kapasita, kisha swichi, kisha kristali. Mimi nimetoa kabatini lile gofu la redio ya chaneli 23 lisilo na transfoma. Kristali zake 14 bado zimo, nimezipangusa vumbi. Ukishabadilishana ya tatu na ya nne, niandikie ukimya umehamia wapi, na uninakilie namba iliyochapwa kwenye kopo la kristali, tarakimu zote. Kama ninayo, nitaifungia ndani ya barua ijayo.

Wako daima,
fundi mwenzako