Waliokataa helikopta kwa ajili ya mechi

Mhariri,

Mwandishi wako wa ukurasa wa burudani ametuambia majuzi kwamba msanii anayeitwa kwenye televisheni akakataa amejichimbia kaburi. Makala hiyo niliisoma ndani ya basi asubuhi, nikitoka zamu ya usiku hapa Birkenhead, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Mji huu umetoa bendi iliyofanya hivyohivyo, na leo, miaka karibu 40 baadaye, bendi ipo.

Inaitwa Half Man Half Biscuit. Birkenhead, kwa wasioijua, iko ng'ambo ya Mto Mersey ukitokea Liverpool, kama Kigamboni ilivyo ng'ambo ya Magogoni. Hata pantoni wanayo. Bendi ilianza 1984, Nigel Blackwell na Neil Crossley wakiwa ndani yake tangu siku za mwanzo, wakati ajira ilikuwa imekauka sehemu hizi. Albamu ya kwanza, Back in the DHSS, ilitoka 1985. Herufi hizo nne ni za idara ya serikali iliyokuwa ikilipa posho ya wasio na kazi, kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa utani wa watu wa foleni ileile. Husimuliwa kwamba kuirekodi kuligharimu pauni 40. Ikapanda hadi kileleni mwa chati ya indie.

Hapa naomba nimsahihishe mwandishi wako, maana analitumia neno indie kana kwamba ni mtindo wa kupiga gitaa. Chati ile, iliyoanza Januari 1980, haikujali gitaa linaliaje. Iliuliza nani kasambaza rekodi. Kama imepita kwenye mikono ya kampuni kubwa, haina nafasi humo. Ndiyo maana katika hadithi hii muuza duka ana uzito kuliko meneja yeyote. Geoff Davies, aliyefariki 2023, alifungua duka la santuri la Probe pale Liverpool mwaka 1971, baadaye akaanzisha lebo ya Probe Plus, na hiyo ndiyo iliyotoa kazi za vijana hawa kwa miongo. Duka lake lilikuwa kwenye mtandao ulioitwa Cartel, pamoja na wenzao wa York, Bristol, Norwich, Edinburgh, Leamington Spa na Rough Trade wa London. Kila mmoja alisambaza kwenye eneo lake. Santuri ya Liverpool ilifika Norwich bila kampuni kubwa hata moja kuigusa.

Halafu redio. Mtangazaji John Peel wa BBC Radio 1 alizaliwa Heswall, rasi hiihii ya Wirral. Aliipiga bendi hii usiku kwa usiku na kuiita studio kurekodi tena na tena, mpaka kifo chake 2004. Hakuwa akisubiri mtu atengeneze kiki kwanza.

Sasa hiyo televisheni. The Tube kilikuwa kipindi kikubwa cha muziki cha Channel 4, kikirushwa Ijumaa jioni kutoka Newcastle. Wakaitwa. Tatizo ni kwamba Tranmere Rovers, timu ya Birkenhead, ilikuwa na desturi ya kucheza nyumbani Ijumaa usiku ili isigombanie mashabiki wa Jumamosi na Liverpool na Everton. Siku hiyo Tranmere walikuwa na mechi. Channel 4 wakaahidi hata helikopta ya kuwawahisha uwanjani baada ya kupiga. Vijana wakakataa. Wakaenda mpirani.

Mwaka huohuo, 1986, wakavunja bendi, wimbo wao ukiwa moto kwenye chati ya indie. Bendi nyingi zikivunjika husema zimetofautiana kimuziki. Hawa walisema wamefanana mno kimuziki. Walirudi 1990 na hawajaondoka tena.

Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapa, alinipeleka kuwaona. Ukumbi umejaa wanaume wenye mvi na vitambi, kadhaa wao wamevaa jezi za njano na damu ya mzee. Nikadhani ni timu ya mtaani. Kumbe ni jezi ya ugenini ya Dukla Prague, klabu ya iliyokuwa Czechoslovakia, kwa sababu ya wimbo wao wa 1986 unaoitaja jezi hiyo, kuhusu mtoto na mchezo wa soka wa mezani. Blackwell akaanza kuimba, na Kiingereza changu cha miaka kumi na mbili kikagoma. Anataja jina la refa, bidhaa ya dukani, barabara ya jirani, ukumbi mzima unaangua kicheko, mimi nimetoa macho. Nikawakumbuka shangazi zangu kwenye taarab Temeke. Fumbo moja linapita, mtu anainuka na noti yake kwenda kutunza, na mgeni hajui nani kasemwa. Mwenzangu alinifasiria mstari kwa mstari njia nzima ya kurudi.

Hupiga shoo chache kwa mwaka. Sijasikia mtu akiwaita matajiri. Hata hivyo albamu yao ya 2018, kwa lebo ileile ya Davies, iliingia 40 bora za Uingereza bila kiki yoyote.

Sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Vijana hawa walikuwa na posho ya serikali ya kuwalaza wameshiba wakati wanatunga upuuzi wao mtamu. Kijana wa Mbagala hana posho hiyo, na mimi niliye mbali na mshahara wangu sina haki ya kumwambia akatae televisheni. Mtandao wa maduka nao haukudumu: mwaka 1991 usambazaji wa Rough Trade ulianguka, na lebo nyingi ndogo zikabaki na madeni yasiyolipika. Ningependa mwandishi wako angechimba huko. Nyimbo za vijana wetu zinasambazwa na nani, masta, yaani rekodi zenyewe za asili, zinabaki kwa nani, na ni mtangazaji yupi anapiga wimbo kabla hajaona bahasha? Badala yake tumepewa orodha ya waliotoboa na waliofulia.

Nilimtafsiria mwenzangu ile sentensi ya kaburi. Televisheni hakuigusa kabisa. Alianza kunitajia kikosi cha Tranmere cha msimu ule, jina baada ya jina, na tulipofika kituoni alikuwa bado hajawafikia washambuliaji.

Msomaji wako wa tangu Temeke,
Birkenhead, Uingereza