Simu usiifute kwanza

Tanga, Jumatano

Mama Nasri mwenzangu,

Assalaam aleykum. Sisi wazima, mama mguu umepungua uvimbe, anakusalimia sana. Mengine nitakueleza, kwanza hili.

Ujumbe wako wa jana umenikosesha usingizi. Unasema simu mpya umeshaipata, na ile ya zamani Jumamosi unafuta kila kitu umpe mdogo wako aende nayo chuo. Mpe, lakini nakuomba usiifute bado. Zile tarakimu sita za kuingilia barua pepe ya kikoba na ukurasa wa duka zimo ndani ya simu yenyewe, hazimo kwenye laini. Ukihamisha laini, M-Pesa inakufuata. Tarakimu hazikufuati.

Na usidanganyike ukiiona Authenticator, ile programu ya Google inayotoa hizo tarakimu, imeshafika simu mpya. Unaweza kuifungua ukakuta tupu. Si ndivyo ilivyomkuta Kaka Sele? Simu ameshaiuza, aliyenunua ameshaifuta, watu wakamzungusha wiki kwa wiki wakimtaka athibitishe kuwa yeye ndiye yeye. Unakumbuka alivyokonda.

Siku ile ulipoiskani ile picha ya miraba myeusi (QR), simu ilihifadhi siri moja ndefu, na upande wa pili, yaani kule unakoingia, ukabaki na siri hiyohiyo. Kila sekunde 30 pande zote mbili zinaichanganya na saa, zinapata tarakimu zilezile. Ndiyo maana hata kifurushi kikiisha zinabadilika tu. Siri ikifutwa, basi tena. Na saa ya simu mpya iache ijipange yenyewe, maana ikipotea dakika chache utakataliwa bure.

Sasa ziweke simu zote mbili mezani, watoto wakishalala. Kwenye ya zamani fungua Authenticator, utazame alama ya wingu pale juu. Tangu 2023 Google wameruhusu tarakimu zihifadhiwe kwenye akaunti yako. Kama uliwasha, ukiingia kwa Gmail ileile zitajitokeza. Kama hukuwasha, nenda kwenye menyu, hamisha akaunti, chagua kuzitoa. Itakuja picha ya miraba, uiskani kwa simu mpya. Akaunti zikizidi kumi zinakuja picha zaidi ya moja, usiishie ya kwanza. Kioo chako kimepasuka kona ya juu, na ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni ndiyo inayotafutwa na kamera, kwa hiyo ongeza mwanga na usogeze taratibu. Wala usiipige picha ukamtumia mtu, hata mimi! Anayeipata amepata kila kitu.

Zikishaingia, tazama simu zote mbili kwa pamoja: tarakimu ziwe sawa, zigeuke nyekundu wakati mmoja zikikaribia kuisha. Halafu toka kabisa kwenye barua pepe ya kikoba, uingie upya kwa simu mpya. Ukiingia ndipo ufute ya zamani. Kuona tarakimu tu hakutoshi, Mama Nasri, mpaka uingie.

Kuna na zile namba za akiba za kuingilia ukikosa simu, Google wanakupa kumi, kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike karatasini, zikae ndani ya sanduku la kikoba. Lina kufuli tatu na washika funguo watatu, sioni mahali salama zaidi. Ile hela ni ya wanawake wanaoamka alfajiri kukaanga maandazi, na barua zote za benki zinapita pale, ndiyo maana nakusumbua hivi.

WhatsApp nayo ina namba yake ya siri ya tarakimu sita. Ukiisahau na hukuweka barua pepe, utasubiri siku saba. Mama Chiku akikosa kukupata kwenye kundi siku saba, sijui…

Haya niambie. Namba ya kurejeshea barua pepe ya kikoba bado ni ile laini iliyofungwa? Karatasi ya akiba uliwahi kuandika? Ukiugua wewe, nani mwingine anaweza kuingia? Mdogo wako anaondoka Jumamosi asubuhi au jioni? Na Ijumaa baada ya Isha utakuwa nyumbani nikupigie tufanye pamoja?

Wako,
Mama Salma