Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za siku nyingi kwa wote mliofika, na kwa mtakaoisoma taarifa hii mkiwa kazini au safarini.

Desturi yetu ni kuanza na miradi. Mwaka huu nimemwomba katibu awagawie orodha yake mkononi, nami nizungumzie jambo ambalo halina safu kwenye orodha ile: tulivyoishi sisi kwa sisi. Nimekiongoza chama hiki cha waandishi wa programu za kompyuta miaka mitatu, na mwaka huu nimeona kwa macho yangu kwamba mtu akiachwa peke yake na kazi, kazi huharibika na mtu naye huharibika.

Niwakumbushe Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Siku chache kabla, tarehe 29 Machi, mhandisi Andres Freund alikuwa ametangaza kwamba xz, maktaba ya kubana mafaili (yaani kipande cha programu kinachotumiwa ndani ya programu nyingine), imepachikwa mlango wa siri wa kumwingiza mtu bila ruhusa, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aligundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulikuwa kunachelewa takriban nusu sekunde, naye hakuipuuza nusu sekunde hiyo. Sisi tulikuwa tumepanga somo la usalama, tuone mlango ule ulivyofichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Somo tulilifanya, lakini kilichotukalisha hadi saa nane mchana ni habari ya mtunzaji wa maktaba yenyewe. Alikuwa anajitolea, karibu peke yake, na mwaka 2022 alikuwa ameandika waziwazi kwamba afya ya akili inamsumbua kwa muda mrefu na nguvu zake ni chache. Watu asiowajua wakamsonga kwa lawama kwamba anachelewesha kazi. Aliyejitokeza kumpunguzia mzigo, kwa jina la Jia Tan, akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, na ndiye aliyekuja kuupachika mlango.

Tukiwa bado tunajadili, mwenzetu mmoja akanyoosha mkono. Akasema: "Mimi natunza mfumo wa malipo wa kampuni nzima peke yangu, na sijalala vizuri tangu Desemba." Chumba kikawa kimya hadi ukasikia feni. Wengi wetu tulikuwa tunakaa naye meza moja kila wiki. Tulijua anaandika kwa lugha gani ya programu, tulijua kompyuta yake ina kumbukumbu kiasi gani, na hatukujua kwamba halali.

Pale ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kujuliana hali. Kila mwanachama ana mwenzake, wanapigiana simu kila Jumanne, na swali la kwanza halihusu kazi. Umelala? Umekula? Nyumbani wazima? Najua baadhi yenu mliuona utaratibu huu kama mambo ya watoto wa shule. Niliusimamia na ningeusimamia tena leo. Mwenzetu yule, kwa ruhusa ya mwajiri wake, alitembelewa jioni nne na wanachama wawili wakamsaidia kuandika maelekezo ya mfumo wake, ili mtu mwingine aweze kuushika. Likizo yake ya kwanza baada ya muda mrefu aliipata Julai. Alikwenda Lushoto, akarudi ameleta matunda ya kila aina, na wote tulikula.

Mwezi Mei tulipata mtihani wa namna nyingine. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti nchini ikazorota. Jumatatu asubuhi chumba chetu kilijaa kuliko siku yoyote ya mwaka. Watu walikuja na bando zisizofanya kazi, na nyuso za wasiwasi kwa sababu wateja hawaelewi habari za bahari. Dada mmoja akafungua mkoba wake akatoa flashi iliyozungushiwa plasta nyeupe, imeandikwa kwa kalamu ya wino USIFUTE. Ndani yake mlikuwa na maelezo yote ya lugha ya programu ya Python na Wikipedia ya Kiswahili aliyoipakua kwa Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti. Tukaiwasha ruta bila intaneti yoyote, kompyuta yake ikawa seva yetu, na kila aliyekaa mle akasoma kutoka kwake.

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walishangaa kuona kwamba Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kazi, haijali kukatika kwa mtandao. Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005 aliijenga ili kila mtu awe na historia nzima ya mradi kwenye mashine yake mwenyewe, kwa hiyo tuliendelea kuandika, tukapelekeana mabadiliko kwa flashi ile ile ikizunguka meza kama birika la chai. Mama ntilie wa nje ya geti alituletea wali maharage kwa mkopo, maana hata malipo ya simu siku ile yaliwasumbua baadhi yetu. Deni lilikwisha wiki hiyo hiyo. Namshukuru mbele yenu.

Sasa nije kwenye lililoniumiza. Mwezi Septemba, katika kuhakiki msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mradi wetu wa pamoja, mwanachama mzoefu alimwandikia kijana maneno makali mbele ya wote. Hoja yake ya kiufundi ilikuwa sahihi, kwani fomu aliyoiandika kijana ilipokea maandishi ya watumiaji bila kuyakagua, na ingeweza kuleta madhara. Maneno yake hayakuwa sahihi. Kijana alinyamaza, akaacha kuja. Mimi niliyaona maneno yale usiku ule ule, nikasema nitayashughulikia Jumamosi. Ilipofika Jumamosi kijana hakuwepo. Kaka yule ameomba radhi, amekwenda hadi Mbagala kumtafuta, na wamezungumza, lakini kijana bado hajarudi. Kuchelewa kule ni kwangu, na ninaomba msamaha kwenu na kwake. Tangu hapo anayehakiki kazi ya mwanachama mpya hukaa naye kwanza kiti kwa kiti, ndipo aandike.

Vijana wetu siku hizi huuliza akili mnemba kabla ya kumuuliza mtu. Siwakatazi, mimi mwenyewe naitumia. Ila mashine ikikujibu saa saba za usiku, hakuna hata mmoja wetu anayejua kwamba ulikwama. Nawasihi asubuhi mtuambie.

Agosti tulimsindikiza mwenzetu Morogoro kumzika mama yake. Tulikwenda kwa treni ya SGR iliyokuwa imeanza safari Juni, karibu behewa zima ni sisi, na hakuna aliyefungua kompyuta njia nzima. Rambirambi zilichangwa na wote, hata walioko Nairobi na Muscat.

Kuhusu muda wa vikao: tulihamisha mikutano kutoka Ijumaa usiku hadi Jumamosi asubuhi baada ya dada zetu kueleza kwamba daladala za usiku zinawafanya waondoke mada ikiwa katikati. Tangu tuhamishe, wanabaki hadi mwisho, na wawili kati yao sasa wanafundisha. Tulipaswa kuwasikiliza mapema zaidi.

Fedha ataeleza mweka hazina. Ada inabaki shilingi 5,000 kwa mwezi, na asiyeweza aseme kwa siri, hatafukuzwa mtu.

Mkutano wa kwanza wa mwaka ujao ni Jumamosi tarehe 11 Januari 2025, saa tatu asubuhi. Kuna mwanachama mpya anatoka Mwanza, hajawahi kufika Dar es Salaam, na basi lake litaingia stendi ya Magufuli, Mbezi, Ijumaa usiku. Natafuta watu wawili wa kumpokea na mmoja wa kumlaza. Watakaojitolea wamwone katibu kabla hatujaondoka ukumbini.

Mwenyekiti