Lile daftari la mzee

Iringa, Jumapili jioni

Ndugu yangu Tumaini,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, watoto wanakua. Poleni na joto la Usangu.

Uliniuliza kwenye simu kama mvua zimepungua kweli, maana Ruaha Mkuu unakauka. Nilikujibu "ndiyo" harakaharaka, na tangu siku hiyo jibu lile linanikera. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima; tangu 1993 hukatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Anayeona mchanga mtupu ataona mbingu ndiyo imetunyima.

Sisi hupima ukame kwa fahirisi sanifu ya mvua. Unachukua rekodi za kituo kimoja, miaka 30 au zaidi, unatazama msimu huu umeachana kiasi gani na kawaida ya hapohapo. Sifuri ni kawaida, -1 kwenda chini ni ukame, -2 ni balaa. Naipenda kwa sababu Chimala ya bondeni haihukumiwi kwa mvua ya Mufindi ya milimani. Ila inajua mvua tu, mfereji haiujui. Kiangazi maji mengi huchepushwa kwenda mashambani kabla hayajafika kwenye kinamasi cha Ihefu, na maji ya Ihefu yakishuka chini ya ule mwamba wa Ng'iriama yanakotokea, hakuna tone linalovuka kwenda chini. Kwa hiyo msimu unaweza kuwa mzuri na viboko bado wakabanana kwenye dimbwi la tope. Tukichora ramani ya hatari kwa mvua peke yake tutawadanganya watu wa bondeni. Lazima vipimo vya mto viwekwe pembeni yake.

Kuna jambo jingine. Nimekuta kadi ya vipimo vya mvua ya Machi yenye siku 11 tupu: hakuna sifuri wala kistari. Labda mpimaji aliumwa. Nilipoingiza takwimu, kompyuta ikazisoma zote kuwa sifuri, na mwezi ule ukatokea mkavu kuliko yote. Ukame ambao haukuwapo! Nimerudia hesabu nzima.

Ndipo nikamkumbuka mzee wako, asubuhi saa tatu kamili na kile kipima mvua cha shuleni, akiinama hadi jicho lilingane na maji. Daftari lake bado lipo? Nipigie picha kila ukurasa, hata wenye madoa ya chai. Palipo wazi pabaki wazi, usinijazie kitu.

Msalimie sana mama.

Wako,
Baraka