Chatu alishwe pale pale anapolala

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kile kipande chenu cha juzi kuhusu watu wanaofuga nyoka majumbani na nilifurahi mmeligusa, maana ukurasa wa mifugo siku zote ni kuku wa kienyeji na ng'ombe wa maziwa tu, lakini pale mliposema nyoka lazima atolewe kwenye tanki lake, yaani kasha analoishi, akalishwe kwenye boksi lingine ili asiwe mkali, hapo hapana. Hilo boksi limenitesa mimi mwenyewe.

Mi mtu wa Tanga, naishi huku Columbus, Ohio, na mwenye nyoka ni mwanangu wa kiume. Sikutaka, niseme ukweli, kwetu nyoka akiingia ndani watu wanatafuta fimbo, sio jina, ila mtoto aliniganda mwaka mzima mpaka nikasema haya. Ni chatu wadogo wale wanaotoka Ghana, Togo na Benin, wazungu wanawaita bol paithoni kwa vile akiogopa anajikunja duara kama mpira na kichwa anakificha katikati. Hana sumu. Mtoto kamuita Kitumbua na ukimuona alivyojiviringa huulizi kwa nini.

Sasa muuzaji dukani alituambia maneno yale yale yenu, eti ukimlisha ndani ya tanki atazoea kwamba kila mkono unaoingia ni chakula. Tukaamini. Kila Ijumaa jioni tunamnyanyua tunamtia kwenye beseni la plastiki lenye mfuniko tulilolitoboa matundu, tunaliweka bafuni (bafu tunalooga sisi wenyewe, nikikumbuka sasa naona aibu, nyoka hawa wana salmonela, vijidudu vya kuharisha watu), panya wa friza tumeshamyeyusha kwenye maji ya moto. Kitumbua anajikunja, kichwa ndani, panya kalala pembeni anapoa, saa nzima inapita, panya anaenda kutupwa. Wiki nne hivyo hivyo. Chatu wa aina hii anaweza kukaa miezi bila kula asife, hilo sikulijua, mi nilikuwa nalala nahesabu hela za panya.

Wiki ya tano akala. Nikafurahi, nikangoja kidogo, nikaingiza mkono nimrudishe kwake, na mkono huo huo ndo uliomshika panya. Akanidaka hapa chini ya kidole gumba! Sio maumivu ya kufa mtu, ni vitundu vya damu kama umeingia kwenye mchongoma, lakini ukelele nilioupiga jirani aligonga ukuta. Na kwa vile tulimshikashika tumbo limejaa, asubuhi mtoto kakuta panya katapikwa, nusu keshalainika, na harufu ile Mhariri siiandiki, watu wanasoma gazeti na chai mkononi.

Daktari wa wanyama alituambia tusimpe kitu wiki mbili tumbo lipumzike, halafu akatuuliza kwani mnamhamisha wa nini? Akatueleza kwamba chatu ana vijishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, gizani anaona joto kama sisi tunavyoona taa, sasa mkono wa moto unaonuka panya yeye atajuaje ni mama mwenye nyumba. Sio tanki lililomfanya aume, ni harufu na joto la mkono wangu. Halafu huyu nyoka ni mwoga, ukimtoa kwenye kapango kake ka kujifichia ndani ya tanki ukamtupa kwenye beseni jeupe chini ya taa, atawaza chakula saa ngapi? Na akishakula hatakiwi kuguswa kama siku mbili, lakini ukimlisha kwenye boksi ni lazima umguse, usipomgusa atarudije kwake.

Ila huyo muuzaji ana kaukweli kidogo. Ukifungua tanki siku ya panya tu, kweli atajifunza kwamba mlango ukifunguliwa ni msosi. Dawa yake sisi tunafungua karibu kila siku, kubadili maji, kuokota kinyesi, na tukitaka kumtoa tunamgusa kwanza katikati ya mwili na kijiti, taratibu, akishaguswa hivyo anatulia anajua leo sio kula. Mikono inaoshwa na sabuni kabla na baada. Mliandika pia akila ndani ya tanki atameza maranda yaliyotandikwa humo, sawa, vipande viwili vitatu vitatoka na kinyesi, lakini sisi panya tunamkausha na tishu na mbele ya pango tumeweka kigae kipana.

Basi siku hizi jua likizama tunazima taa, mtoto anashika panya kwa koleo refu, kichwa cha panya kimepashwa zaidi. Kwanza unaona ulimi tu mlangoni mwa pango, unaingia unatoka. Shingo inajikunja kama herufi S. Halafu hata huoni, unasikia tap, panya keshazungushwa mara tatu. Tunafunga tunaondoka.

Boksi mimi nalikubali kwa mwenye nyoka wawili tanki moja, maana wote watamng'ang'ania panya mmoja, na hata huyo ningemwambia awatenganishe moja kwa moja.

Na vijana wa nyumbani wasije wakasoma hapa wakaenda kukamata chatu porini, Kenya bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko, ni kesi, sheria ya 2013, na Tanzania wanyamapori ni mali ya serikali, sheria ipo tangu 2009.

Mwisho, picha mliyoweka ni ya swila. Ametanua shingo kabisa, na chini mmeandika chatu. Mama yangu Tanga kaiona, kanipigia saa tisa za usiku za huku analia, anasema nimemlaza mjukuu wake na swila. Naomba mrekebishe toleo lijalo, na mtaje kwamba picha ndo ilikosewa, nipate cha kumuonyesha.

Mama Kitumbua,
Columbus, Ohio