Sarafu ya marehemu baba inaenda kwa sonara Ijumaa, nifanyeje?

Salaam aleikum mshauri na wasomaji wote. Mi ni wa Mombasa, kitinda mimba kwetu, tuko wanne. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo na kila akishuka Uingereza alikuwa anatafuta zile sarafu kubwa za ukumbusho wanazoita krauni. Katuachia sita kwenye kopo la biskuti, ya 1935, 1937, 1951, 1953, ya Churchill ya 1965 na ya jubilii ya malkia ya 1977. Akituambia zote ni fedha. Kakangu mkubwa akazipeleka kwa sonara, kumbe zenye fedha ni mbili za mwanzo tu, maana Waingereza waliacha kutia fedha kwenye sarafu zao 1947, hizo nyingine ni shaba na nikeli. Sasa wameamua mbili hizo ziuzwe kwa uzito tugawane.

Shida yangu ni hiyo ya 1935. Ilitolewa mfalme George wa Tano alipotimiza miaka 25 kitini, ina Mtakatifu George juu ya farasi aliyekakamaa kama wa mbao wa kuchezea watoto, na ukingoni imezungukwa na maandishi ya Kilatini, DECUS ET TUTAMEN. Za kawaida zilitengenezwa zaidi ya laki saba, gramu 28 na nusu yake tu ndo fedha, na herufi zake zimechimbwa ndani. Lakini kuna 2,500 pekee ambazo herufi zimetokeza nje na fedha yake ni asilimia 92.5. Hii ya baba nikipitisha kidole ukingoni nazihisi herufi zimesimama kama vipele, nimeangalia na tochi ya simu usiku sijui mara ngapi, na sonara mwenyewe alisema hii ina fedha nyingi kuliko ya 1937.

Nimewaeleza yote haya. Kaka anasema nataka kubaki nayo tu, dada alitaka kuisugua na jivu na ndimu eti ing'ae nikamnyang'anya, maana ikisuguliwa wakusanyaji hawaitaki tena. Mwisho wakaniambia, kama waipenda sana tupe pesa ya sonara uchukue yaishe.

Pesa ninayo. Hapo ndo usingizi umeniruka, nikiichukua kwa bei hiyo itakuwa halali kweli? Nimewaambia hawakuamini, lakini mi naamini na hii ni mirathi ya sote. Nisipochukua Ijumaa inayeyushwa.

Nimefikiria niwape hiyo pesa halafu tuandikiane, ikithibitishwa na ikauzwa zaidi kila mtu apate fungu lake, ila naogopa kaka ataona namfanya mjinga. Mwenye kujua dini na sheria anisaidie, na kama kuna mtu Mombasa au Nairobi anayejua krauni kwa kuziona, aniambie nimpelekee aishike kabla ya Ijumaa.