Malalamiko kuhusu safari ya hija na fasihi nchini Uingereza

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUACHWA NJE YA MAHALI TULIPOLIPIA KUINGIA

Nilikuwa miongoni mwa wasafiri 18 mliowapeleka Uingereza katika safari mliyoitangaza kuwa ya "hija na fasihi". Nililipa fedha zote mapema. Mengi niliyoyalipia sikuyapata, na linaloniuma zaidi halihusu fedha.

Naanza na Westminster Abbey, London. Ratiba yenu iliahidi Kona ya Washairi, lilipo kaburi la mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Mlitupeleka Jumapili. Kanisa lile halipokei watalii Jumapili; siku hiyo ni ya ibada, na kila anayepanga ziara anapaswa kulijua hilo. Kiongozi wenu akatuambia, "Limefungwa, pigeni picha tuondoke." Halikuwa limefungwa. Anayekuja kusali anaingia bila kulipa chochote. Watu waliojiandikisha kwa hija tulisimama nje ya kanisa ilhali ndani watu wanasali, na hakuna aliyetuambia kuwa tunakaribishwa.

Tulikaa mbele ya mlango mkubwa wa magharibi kama dakika 20. Juu ya mlango ule zimepangwa sanamu 10 za wafiadini wa karne ya 20, zilizozinduliwa mwaka 1998. Mmoja wao ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin. Jina lake nalijua tangu utotoni. Nilikuwa chini ya sanamu yake, nikatazama saa, nikapanda basi. Nilikuja kulijua hilo hotelini siku mbili baadaye, nikisoma kijitabu nilichonunua. Kiongozi alikuwa na haja ya kunyoosha kidole tu.

Jumatatu, kesho yake baada ya Westminster, mliweka Canterbury na Stratford-upon-Avon katika siku moja. Canterbury iko kusini-mashariki mwa London, Stratford iko kaskazini-magharibi. Siku ikaishia barabarani.

Canterbury tulipewa dakika 40, na sehemu ya muda huo kiongozi akatupitisha kwanza kwenye duka la zawadi. Katika kanisa kuu la Canterbury aliuawa Askofu Mkuu Thomas Becket tarehe 29 Desemba 1170, na kaburi lake likavuta mahujaji kwa karne nyingi, wakiwemo wale wa kubuni ambao Chaucer aliwapa hadithi za kusimuliana njiani. Kaburi lilibomolewa mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry VIII. Leo unawaka mshumaa mmoja pale lilipokuwa. Mama mmoja mtu mzima katika kundi letu, anayetembea kwa mkongojo, alitaka kufika kwenye mshumaa ule asali. Kufika huko kuna ngazi, zilizolika kwa mahujaji waliotangulia. Aliitwa arudi basini akiwa katikati ya ngazi. Alishuka bila kusema neno.

Stratford tulifika jioni, Kanisa la Utatu Mtakatifu limeshafungwa. Humo Shakespeare alibatizwa mwaka 1564 na akazikwa mwaka 1616. Kwa sisi tuliomjua kwanza kwa tafsiri za Kiswahili za Mwalimu Nyerere, kufika kaburini pake lilikuwa jambo kubwa. Tuliona kuta na mto.

Dereva simlalamikii, aliendesha kwa uangalifu na kila mara alimshika mkono yule mama. Kosa ni la aliyepanga ratiba, na la kutupa kiongozi asiyejua anatupeleka wapi.

Naomba mturudishie, mimi na wenzangu, malipo ya siku hizo mbili. Tangazo lenu la safari ijayo bado lina ratiba ileile: lirekebisheni kabla watu hawajalipa. Canterbury ipewe siku yake, na Westminster ikiwa Jumapili, semeni wazi kuwa ni kwa ibada na muwaingize watu ndani.

Yule mama hajui kuwa naandika. Mkirudi Canterbury, mpeni nafasi bila malipo, azipande ngazi zile kwa mwendo wake.

Nimeambatisha ratiba na risiti. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Msafiri